Kutembea kwa Miguu Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wakazi wa Dar wanaotaka kulijua jiji lao kwa miguu, na kwa wageni wanaopita hapa siku chache. Njia zilizotajwa ni za mjini Posta, pwani ya Ocean Road hadi Coco Beach, Mnazi Mmoja na Kariakoo, Kunduchi, visiwa vya karibu na msitu wa Pugu. Nimeandika zaidi kuhusu zile ninazozipenda na kufupisha nyingine.

Dar kuna joto na foleni. Kweli kuna mahali pa kutembea kwa raha?

Kuna. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaijua Dar ya dirisha la daladala: Ubungo, Tazara, Mwenge, saa 2 asubuhi, jasho linatiririka. Eneo la Posta hadi baharini ni kitu kingine kabisa. Mitaa yake ilipangwa kabla gari halijawa chombo cha kila mtu, kwa hiyo umbali kutoka jengo moja la kale hadi jingine ni dakika chache, miti mikubwa bado ipo, na upepo wa bahari unafika. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaweza kuona karibu historia yote ya jiji kabla jua halijakolea.

Nina asubuhi moja tu. Nipite wapi?

Panda basi la mwendokasi ushuke Posta ya Zamani au Kivukoni, uanzie kwenye Boma la Kale, barabara ya Sokoine, mkabala na bandari. Ni miongoni mwa majengo kongwe kuliko yote yaliyobaki katikati ya jiji. Sultani Majid wa Zanzibar alilijenga mwaka 1866 na 1867, alipokuwa anauanzisha mji huu, ili wageni wake wafikie humo. Angalia unene wa kuta zake za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi ya Kizanzibari. Majid alifariki mwaka 1870 kabla ndoto yake haijakamilika, na mji ukadorora mpaka Wajerumani walipouchukua na kuufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Ukilijua hilo, majengo mengine yote ya njia hii yanaanza kueleweka.

Hatua chache tu kutoka hapo kuna Nyumba ya Atiman, nayo ya enzi za Majid. Imepewa jina la Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari, kisha akawatibu watu wa Karema, pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa miongo mingi. Wapita njia wengi hawajui habari zake, na mimi naona angestahili kujulikana kwa kila mtoto wa shule.

Endelea kuelekea mashariki. Utalikuta Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lenye mnara uliochongoka, lililoanza kujengwa mwaka 1897. Mbele yake kidogo ni Azania Front, kanisa la Kilutheri lenye vigae vyekundu, lililojengwa kati ya mwaka 1898 na 1902. Kaa kidogo upande wa bahari, tazama meli zinavyoingia. Mlango wa bandari ni mwembamba kiasi kwamba meli kubwa huonekana kama zinapita katikati ya mitende.

Kutoka Azania Front panda juu kwa mtaa wa Azikiwe hadi kwenye Sanamu ya Askari, kisha ufuate barabara ya Samora kuelekea kulia. Mwisho wa Samora ndipo ilipo Bustani ya Mimea, na jirani yake, mtaa wa Shaaban Robert, kuna Makumbusho ya Taifa na Ukumbi wa Karimjee. Kutoka hapo unatembea dakika chache tu kufika baharini. Njia yote haizidi kilomita 3. Ukiingia makumbusho, tenga saa moja na nusu zaidi.

Sanamu ya Askari inamkumbuka nani hasa?

Inawakumbuka Waafrika, askari na wapagazi, waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hapa Afrika Mashariki. Ilizinduliwa mwaka 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa walipoutwaa mji mwaka 1916. Maandishi ya chini yapo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yasome yote kama unaweza. Bunduki yake imeelekezwa bandarini.

Ninaomba jambo moja kwa kila anayepita pale: usimtazame askari peke yake. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita vile, kwa miguu, kutoka pwani hadi bara, walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Mzunguko ule wa magari ndiyo kumbukumbu yao. Dakika mbili za kusimama hapo si nyingi.

Bustani ya Mimea bado ipo? Nilisikia imejengwa.

Bado ipo, ingawa imebaki kipande tu cha bustani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao na miti kutoka nchi nyingine. Stuhlmann, aliyesimamia kilimo wakati ule, alikuwa mmoja wa waasisi wake. Miti mingi unayoiona kando ya barabara za Dar, hasa ile inayowaka maua mekundu kuelekea Desemba ambayo tunaiita mikrismasi, si ya asili ya hapa. Ililetwa na watu, na bustani za namna hii zilifanya kazi hiyo.

Usitarajie bustani kubwa ya kupotelea. Ni mahali padogo penye kivuli kizito, mitende ya aina nyingi na tausi wanaojitembeza bila haraka. Mimi nadhani ndipo mahali patamu kuliko pote katikati ya jiji saa 5 asubuhi, jua linapouma. Kaa chini ya mti, kunywa maji, nenda taratibu. Kila mkazi wa Dar anayeingia na kukaa anasaidia: bustani yenye watu ni vigumu kuigeuza maegesho.

Makumbusho ya Taifa yanafaa au nipite tu?

Ingia. Yalifunguliwa mwaka 1940, na humo ndimo unakokutana na habari za Zinjanthropus, fuvu la zamadamu lililovumbuliwa na Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, la zamani kwa karibu miaka milioni 1.75. Kuna pia magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, na watoto huyapenda hayo kuliko fuvu.

Jirani yake, Karimjee, ndipo Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza mwaka 1962, na ndipo Bunge lilipokuwa likikaa kwa miaka mingi. Ukumbi wenyewe hutumika kwa shughuli, kwa hiyo mara nyingi utauona kwa nje.

Naweza kutembea kutoka Feri hadi Coco Beach?

Ndiyo, na ndiyo njia ninayompendekezea kila mtu anayeweza kutembea kilomita 7 au 8 bila taabu. Anza Feri mapema, saa 12 na nusu asubuhi, wakati soko la samaki limechangamka: mnada wa samaki, akina mama wa vibanda vya kukaanga, mitumbwi na ngalawa zinazoingia. Sakafu inateleza na watu wana haraka, kwa hiyo pita pembeni, usiwazibie njia wabeba mizigo.

Kisha fuata barabara ya Barack Obama, ambayo wenyeji wengi bado tunaiita Ocean Road. Ilibadilishwa jina mwaka 2013. Bahari inakuwa mkono wako wa kulia na upande wa kushoto ni eneo la Ikulu. Jumba la kwanza la gavana lililokuwa hapo lilipigwa mizinga na Waingereza kutoka baharini mwaka 1914, na Ikulu tunayoijua ilijengwa upya juu ya mabaki yake mwaka 1922. Mbele yake ni Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ambayo leo ni taasisi ya matibabu ya saratani. Pita pale kwa utulivu, kuna wagonjwa na ndugu zao.

Baada ya hapo ni ufukwe mrefu chini ya mivinje. Asubuhi utakuta watu wanakimbia, vijana wanapiga mazoezi, wazee wanatembea wawili wawili. Ukiwapita wazee, shikamoo yako isikosekane. Mara nyingi ndipo unapopata habari za mji ambazo hakuna kibao kinachoziandika. Ufukwe huu ni wa kutembea na kukaa, si wa kuogelea.

Ukifika karibu na Hospitali ya Aga Khan unapanda Daraja la Tanzanite. Lilifunguliwa Machi 2022, lina urefu wa zaidi ya kilomita 1 na limepita juu ya bahari yenyewe, sambamba na daraja la zamani la Salenda. Njia za waenda kwa miguu zipo. Kutoka juu unaona mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi upande mmoja na bahari kuu upande mwingine, na maji yakiwa yamepwa yangeyange hujaa kwenye matope. Hakuna kivuli hata kidogo hapo, kwa hiyo hakikisha umelivuka kabla ya saa 2 na nusu.

Ukishuka umefika Oysterbay, na barabara ya Toure inakupeleka Coco Beach. Pale, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na dafu. Hiyo ndiyo chai yako.

Ratiba ya maji ina umuhimu gani? Mimi sipandi boti.

Ina umuhimu mkubwa kama unataka kutembea mchangani. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yakijaa bamvua, ufukwe wa Coco unabaki ukanda mwembamba na sehemu nyingine unatembea kwenye ukuta. Yakipwa, mwamba wote unajitokeza mbali sana na unaweza kutembea karibu mpaka mawimbi yanapovunjikia. Mwamba huo una ncha kali, vaa viatu. Angalia pia maji yanaporudi: hurudi taratibu, kisha ghafla unakuta vijito vimekuzunguka. Muulize mvuvi yeyote "leo maji yanapwa saa ngapi?" na utajibiwa bila kuangalia simu.

Saa gani nzuri ya kuanza?

Saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3 na nusu. Jioni, kuanzia saa 10 na nusu, lakini jua la Dar huzama mapema, kati ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima, na giza huingia haraka.

Na msimu?

Juni hadi Septemba, kusi inapovuma na joto limepungua. Desemba hadi Machi ni kaskazi na joto kali lenye unyevu. Tembea, ila fupisha. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo ya kuogopa zaidi, si kwa ajili ya kulowa, bali kwa sababu bonde la Msimbazi pale Jangwani hufurika na barabara hufungwa. Vuli ina mvua za vipindi, na baada ya mvua hewa ya mjini ni safi ajabu.

Naomba njia ya watu, si ya majengo ya wakoloni.

Swali zuri, na jibu ni Mnazi Mmoja. Anza kwenye Mnara wa Saa, uliojengwa kukumbuka Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Fuata barabara ya Uhuru hadi viwanja vya Mnazi Mmoja. Serikali ya kikoloni iliuacha uwanja huu wazi kutenganisha mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika. Sehemu hiyo hiyo ya kutenganisha watu ikageuka kuwa uwanja wa mikutano ya kudai uhuru. Leo kuna mnara wa Mwenge wa Uhuru na kumbukumbu ya mashujaa, na miti ya kupumzikia.

Kando yake ni mtaa wa Lumumba, kilipozaliwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Vuka uingie Kariakoo. Jengo la soko, lenye paa za zege zilizofunguka juu kukinga maji ya mvua, lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu, na lilikamilika miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa. Wengi huingia Kariakoo kununua na kutoka bila kuinua macho. Inua macho.

Kama bado una nguvu, panda mwendokasi hadi Magomeni ukaione nyumba aliyoishi Mwalimu wakati wa harakati, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida ya uswahilini, na ukawaida wake ndio unaogusa.

Kariakoo nenda siku ya Jumapili asubuhi kama hujazoea msongamano.

Pugu si ndiko kwenye mnada wa ng'ombe? Kuna nini cha kutembelea?

Mnada uko huko, lakini vilima vyenye msitu viko mbele kidogo, kuelekea Kisarawe. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, misitu ya kale sana yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani, na iko ndani ya mwendo wa daladala kutoka Gongo la Mboto. Ukataji wa kuni na mkaa kwa ajili ya jiji letu umeila sehemu kubwa. Mkaa wa jikoni Dar na msitu huu ni habari moja, na ukitembea humo utaiona kwa macho: hapa miti mirefu yenye giza chini, pale vichaka vinavyojaribu kuota upya.

Njia za miguu zinapanda na kushuka, kuna sehemu za kutazamia mandhari, na kuna mapango. Mapango hayo ni mashimo ya mgodi wa zamani wa udongo mweupe wa kaolini, ambamo sasa popo wamejaa. Machweo hutoka kwa wingi kwenda kutafuta chakula. Ukiingia ndani funga pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa, vumbi la kinyesi cha popo si zuri kwa mapafu. Usiende bila mwongozaji wa hifadhi: njia za ndani hazina alama za kutosha, na nyoka wapo.

Ukiwa njiani utapita jirani na shule ya sekondari ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashughulikie siasa.

Tenga siku nzima. Viatu viwe vya kufunika vidole, suruali ndefu, na maji lita 2 kwa kila mtu.

Na upande wa kaskazini, Kunduchi na visiwani?

Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya miaka mia kadhaa iliyopita, baadhi yakiwa na nguzo zilizopambwa kwa bakuli za kauri kutoka China, chini ya mibuyu. Shuka Mtongani, barabara ya Bagamoyo, uingie ndani kwa bajaji au kwa miguu. Ni makaburi: usikanyage, usikalie, usiguse bakuli.

Mbudya na Bongoyo ni visiwa vya hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Boti za Bongoyo hutokea Slipway, Masaki. Za Mbudya hutokea Kunduchi. Bongoyo ina njia inayopita katikati ya vichaka, na watembeaji wengi hawaijui kwa sababu hubaki ufukweni. Kusi ikivuma sana bahari inachafuka. Sikiliza ushauri wa nahodha.

Usalama ukoje?

Mchana, njia hizi zina watu na sina wasiwasi nazo. Hatari kubwa ni simu mkononi: wanyang'anyi wa kwenye pikipiki hupita kando ya barabara na kuondoka nayo. Tembea upande wa ndani, simu iwe mfukoni, ukitaka kuangalia ramani simama karibu na ukuta. Ufukwe wa Ocean Road na Coco usitembee peke yako giza likiingia. Na barabara: hata kwenye zebra, usivuke mpaka gari limesimama kweli.

Naruhusiwa kupiga picha popote?

Hapana. Ikulu, bandari, kivuko cha Feri, na majengo ya jeshi na polisi, usipige. Watu, waombe kwanza. Wavuvi na mama lishe wa Feri si mapambo ya picha zako, na ukinunua samaki au chai kwao mazungumzo huwa rahisi zaidi.

Mama yangu ana miaka zaidi ya 70 na anatumia bakora. Ataweza?

Mpeleke Bustani ya Mimea na makumbusho, kwa bajaji mpaka mlangoni. Njia kati ya hapo na ufukwe ni tambarare. Epuka Sokoine na Samora siku za kazi, maana njia za waenda kwa miguu zimevunjika mahali na nyingine zimejaa magari yaliyoegeshwa. Kwa kiti cha magurudumu, njia ya upande wa bahari ni bora kuliko mitaa ya ndani, ila nenda na mtu wa kusaidia kwenye kingo za barabara. Jiji lingeweza kurekebisha hili kwa kazi ndogo sana, na ni haki kulidai.

Kuna vyoo?

Makumbusho, Feri, na migahawa ya Posta na Coco. Beba sarafu. Pugu tumia vya getini kabla ya kuingia msituni.

Viingilio nalipaje?

Sehemu za serikali, kama makumbusho, hifadhi ya Pugu na visiwa, hulipwa kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo unayopewa, kupitia simu au benki, si fedha mkononi. Watanzania hulipa pungufu sana kuliko wageni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA au chochote kinachokutambulisha. Omba risiti. Kwa Pugu na kwa vikundi vya shule, wasiliana nao siku moja kabla ili mwongozaji awepo. Bustani ya Mimea na pwani yote ya Ocean Road hadi Coco ni bure.